Kadi Iliyoitikia Marahaba Kabla ya Salamu

Siku ya kuniaga pale karakana mlinipa kipaza sauti, mkaniomba niseme mawili matatu kwa faida ya vijana. Nilisema "ndugu zangu," nikalia, nikapewa pilau, na huo ukawa mwisho wa hotuba. Sasa niko nyumbani Nyahanga, miguu nimeinyoosha, machozi yamekauka na pilau imeshuka, kwa hiyo nawaandikia yale niliyopaswa kuyasema. Vyeo sitavigusa. Nilipanda pale nilipopandishwa, na mshahara ulikuja ukaondoka kama mishahara yote ya duniani. Nataka kuwaeleza habari za kadi ya picha, maana kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, na mume wangu ananichungulia kutoka sebuleni aone kama nina homa.

Kabla ya mgodi nilikuwa fundi TV pale Nyasubi, kwenye kibanda kilichobanwa na muuza mbegu upande huu na fundi cherehani upande ule. Wateja walipofika wakanikuta mimi, mwanamke mwenye kanga kiunoni na bisibisi mkononi, waliuliza fundi yuko wapi. Niliwajibu kuwa ametoka kidogo, waiache TV, warudi jioni. Jioni wakiikuta TV inaonyesha vizuri, nawaambia fundi alikuja akatengeneza akaondoka tena. Kuna mzee mmoja alimsifia yule fundi miaka na miaka, na kila akipita alinituma nimpelekee salamu zake. Kazi kubwa ya kibanda ilikuwa kuondoa chenga, zile punje nyeupe zinazorukaruka kwenye kioo mpaka mtangazaji wa habari anaonekana yuko kwenye mvua ya mawe. Chenga ndizo zilizonilisha, na ndizo zilizoniingiza kazini. Mgodi ulipofunguliwa walitafuta mtu anayejua mambo ya skrini, na Kahama nzima ilijua kuwa Nyasubi kuna fundi hodari ambaye hajawahi kuonekana.

Siku yangu ya kwanza sikuuona mgodi kabisa. Nilipandishwa lori kwenda Isaka kuchukua makasha ya kompyuta yaliyoshushwa kwenye treni, pamoja na mtu aliyekuja kuwa mwalimu wangu, Mzee Bundala. Alikuwa fundi wa vyombo vya kupimia, mfupi, mpole, Msukuma ambaye salamu yake peke yake ilitutoa mjini. "Mwangaluka," akaanza, kisha akauliza wa nyumbani, akauliza mvua, akauliza na ng'ombe ambao sikuwa nao, ndipo akanitajia jina lake. Wakati wa kurudi alikaa nyuma pamoja na makasha, akawa anagonga bodi ya lori kila dereva alipozidisha mwendo. Tulipitwa na kila kitu, ikiwemo baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa, na mwenye baiskeli akatupungia mkono wa pole. Dereva alinuna mpaka getini, lakini makasha yalifika bila hata msumari kulegea.

Kompyuta zile zilikuwa za kuongozea kinu, lile pipa kubwa la chuma linalozunguka na kusaga mawe kabla dhahabu haijachenjuliwa. Muongoza kinu hukaa mbele ya skrini akitazama mzigo, maji, joto la beringi, na kama kinu kimeshiba au kina njaa. Picha yote hiyo ilitoka kwenye kadi moja, ubao wa kijani uliochomekwa ndani ya kompyuta, na kadi yenyewe ilikuwa imeshapitwa na wakati hata siku ile tulipoitoa kwenye kasha. Vyombo vya viwandani ndivyo vilivyo, vinachaguliwa vikiwa vizee ili viwe vimeshamaliza utundu wao. Mzee Bundala alinionyesha meno ya kadi, yale yanayoingia kwenye tundu, akaniambia yamepakwa dhahabu. Alisema dhahabu inatoka kwetu huku, inapanda ndege, inazunguka dunia yote, halafu inarudi Kahama ikiwa meno ya kadi ili itusaidie kuchimba nyingine. Alilisema hilo bila kutabasamu, nami nilicheka peke yangu.

Kinu kilipokuwa kimezunguka miezi michache, niliona chenga kwenye skrini yake, moyo ukanidunda kwa furaha. Zilipita mara moja tu, kama mtu aliyerusha kiganja cha mchele, kisha ukatokea mstari mwekundu wa onyo. Nikachomoa bisibisi nionyeshe ujuzi wangu. Mzee Bundala akaniuliza kama najua chenga, nikamjibu kuwa kuziondoa ndiyo kazi yangu.

"Basi hapa jifunze kuziacha," akasema.

Alinieleza kwamba kumbukumbu ya kadi ile ilikuwa na mlango mmoja. Ama kadi inasoma ili ichore picha, ama programu inaandika, wawili kwa pamoja hawapiti. Siku za kawaida programu husubiri zamu yake kwa adabu. Ila likitokea jambo la hatari haisubiri, inajipenyeza tu mlangoni, na pale wanapogongana ndipo chenga zinaporuka. Waongoza kinu walikwisha kuzoea. Chenga zikiruka jicho linageuka lenyewe, hata kabla onyo halijasomeka. Kasoro ilikuwa imegeuka kengele, na mimi nilikuwa karibu kuing'oa kengele siku zangu za mwanzo.

Vifaa alivyonifundisha kutumia Mzee Bundala vilikuwa vya aina mbili, vya kununua na vya kuokota. Vya kununua mnavijua. Cha kuokota kilichonisaidia kuliko vyote kilikuwa kijiti cha mishikaki. Kadi ikiwa na kiungo cha risasi kilicholegea, unaigusagusa kwa kijiti huku unaangalia skrini, na picha ikishtuka umempata mchawi wako. Kijiti hakipitishi umeme, hakikwaruzi, na ukikipoteza unakula mshikaki mwingine. Nilikula mishikaki mingi sana kwa manufaa ya kampuni.

Kesi niliyoipenda zaidi miaka ile ilikuwa ya skrini iliyougua rangi. Kila baada ya siku kadhaa, upande wa kulia wa skrini uligeuka zambarau, na fundi akifika hali imeshatulia. Tulibadilisha nyaya, tukabadilisha kadi, tukailaumu hata transfoma ya nje. Mwishowe niligundua kuwa zambarau inafuata ratiba ya mpira. Palipokuwa na mechi, jamaa wa zamu ya mchana waliificha redio nyuma ya skrini ili msimamizi asiione, na sumaku ya spika ikawa inazivuta rangi. Nilipowauliza walikana katakata, lakini bao lilipoingia wote wanne walishangilia na kesi ikaishia hapo.

Mzee Bundala alistaafu akarudi kwa ng'ombe wake, ambao yeye alikuwa nao kweli. Miaka ikaenda. Skrini za kioo cha chupa, zile nene zenye kisogo kama TV za zamani, zikawa adimu, kadi zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Tulizitoa viungo zilizokufa ili kuzitibu zilizo hai, mpaka ikabaki moja tu, nayo ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Joto likipanda picha inapotea, feni ikielekezwa inarudi. Spea hazikuwepo popote. Kadi za kisasa haziingii kwenye tundu lile, na hata zingeingia zisingefaa, maana, tuseme kumbukumbu ya kadi ni jiko, programu ya siku zile haikuwa inamtuma mtu jikoni. Ilikuwa inaingia yenyewe, inafunua masufuria ya kadi moja baada ya jingine, na inajua kila sufuria limekaa wapi. Ukiihamisha jikoni inasimama katikati ya sakafu, haijui la kufanya.

Hapo ndipo meneja wa mtambo alipotuita. Alikuwa mtu wa haraka lakini mwenye haki. Mfumo mpya wa kuongozea kinu ulikuwa umeagizwa, lakini usingefika kabla ya mvua kupita, na yeye hakuwa tayari kuendesha kinu kwa skrini inayozimika. Kinu kilikuwa kinakaribia kusimamishwa kwa matengenezo makubwa, mabamba ya ndani yafumuliwe na kufungwa mapya. Alitupa muda huo. Kama tukipata kadi ya uhakika, kinu kingewashwa kama kawaida, na mfumo mpya ungekuja kufungwa taratibu. Tukishindwa, kinu kingebaki kimesimama, na waongoza kinu wa zamu zote wangemaliziwa mikataba yao. Sharti lake lilikuwa moja.

"Kadi yenu ipitishe zamu nzima, opereta asilalamike," alisema. "Akilalamika, nafunga."

Miongoni mwa waongoza kinu hao alikuwepo Mama Neema. Alitoka Bariadi akiwa msichana, akaanza kwa kufagia chumba kile cha kuongozea, akajifunza, akafanya mitihani, akakalia kiti chenyewe. Kinu alikijua kwa kusikia kelele zake akiwa uani kwake. Aliposikia habari hizo hakulia wala hakulaumu. Alinifuata karakana akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Kulwa, inawezekana?" Nikamwambia inawezekana, kwa sababu sikuwa na ubavu wa kumwambia kitu kingine, kisha nikaenda kumtafuta Yusufu.

Yusufu mnamjua, bado mnaye hapo. Ni mtoto wa Tanga, mchangamfu, mtu wa utani kuanzia asubuhi. Kazi yetu sisi Wasukuma kwake ni kuchekwa kwa kuchanganya "l" na "r", na kazi yake kwetu ni kuchekwa kwa kuogopa baridi ya Juni. Alikuwa na tabia moja iliyojulikana mgodi mzima. Mtu yeyote akiingia karakana, awe mkubwa awe mdogo, kabla hajafungua mdomo Yusufu anaitikia "Marahaba!" Umri wa mtu haukumsumbua. Alimwitikia hivyo mkaguzi wa usalama mwenye mvi, alimwitikia paroko aliyekuja kubariki jengo, na aliniitikia mimi kila siku ya Mungu, mimi ninayeweza kuwa mama yake mzazi. Wengi walicheka, wachache walinuna, na yeye aliendelea.

Lakini kichwa chake kilikuwa cha pekee. Aliniambia ipo chipu ambayo kiwandani inatoka ikiwa haina kazi maalumu, unaiandikia mwenyewe iwe nini, na ukikosea unaifuta unaandika upya. Tukaamua kuifundisha iwe kadi yetu ya zamani. Si kadi inayofanana nayo. Ilitakiwa iwe yenyewe, na masufuria yote mahali pake, ili programu ikiingia jikoni isijue kuwa nyumba imehama. Yusufu alichora ubao, tukaupeleka kutengenezwa ng'ambo, na katika kuusubiri tukaikalia kadi mgonjwa tuisikilize. Tuliunga waya mwembamba kwenye kila jino lake la dhahabu, tukarekodi kila programu ilichouliza na kila kadi ilichojibu. Sijawahi kufurahia umbea kiasi kile. Tulikuwa tunasikiliza mazungumzo ya wazee wawili waliooana zamani, wanaosemeshana kwa mkato.

Ubao mpya ulipofika nilikuwa wa kwanza kuunusa. Nilichomelea chipu mwenyewe kwa lenzi ya kuvaa kichwani, na ulimi nje, kama mnavyoniigiza nikiwa sipo. Mnadhani sijui. Tukaichomeka kwenye kompyuta ya majaribio, Yusufu akasoma Bismillahi, mimi nikapiga ishara ya msalaba, tukawasha. Skrini nzima ikajaa sura ndogo ndogo zinazocheka. Kwenye kadi za zamani alama ya kwanza kabisa katika orodha ya herufi ni kichwa cha mtu anayetabasamu, na sisi tulikuwa tumepishanisha nyaya mbili, basi kila kilichoandikwa kikatoka sura inayocheka. Mzigo wa kinu ulicheka, joto la beringi likacheka. Tulishikana mabega tukacheka na sisi, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna gesi imevuja.

Nyaya tulizipanga upya, na picha ikaja sawasawa, fremu, majina, rangi zote mahali pake. Nilipiga kigelegele. Kabla hakijaisha, kila kitu kikaganda. Namba hazikubadilika, saa ya pembeni haikusogea, kibonye hakikuitika. Tukazima, tukawasha, ikachora tena vizuri kabisa, ikaganda palepale. Hapo ndipo raha yetu ilipotumbukia nyongo. Tulikagua umeme, tukakagua masufuria yote, tukalinganisha na rekodi za kadi ya zamani. Majibu yote yalikuwa sahihi. Programu ilikuwa inaiuliza kadi swali lilelile bila kuchoka, "uko huru niandike?", kadi inajibu "niko huru", na programu badala ya kuandika inauliza tena. Huko kwenye kinu mafundi walikuwa wanayakaza mabamba ya mwisho, na kila tulipopita getini tulikutana na macho ya waongoza kinu.

Mama Neema alikuja siku moja baada ya chakula cha mchana na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Alisema Wasukuma wa kweli hawafikirii wakiwa na tumbo tupu. Lakini hilo alilisema baadaye. Kwanza alisimama mlangoni, na Yusufu, kichwa kikiwa ndani ya kompyuta, hata bila kumtazama akapaza sauti yake ya kila siku.

"Marahaba!"

Mama Neema hakucheka kama siku zote. Alisimama palepale na bakuli lake, hasogei, haongei. Yusufu akaitikia tena marahaba, akidhani hakusikika. Mama Neema bado kimya. Nikamuuliza kulikoni, mbona haingii.

"Nasubiri anyamaze," akasema. "Akinyamaza nitasalimia, aitikie. Sasa mtu anayeitikia muda wote, nitajuaje kama kaniitikia mimi?"

Michembe ilinipalia ingawa sikuwa nimeila bado. Nilimshika Yusufu kola nikamtoa kichwa kwenye kompyuta. Nilijua. Vijana, sijui niwaelezeje utamu wa kujua jambo kwa ghafla namna ile, unashuka mwilini mpaka vidole vya miguu.

Skrini ya kioo cha chupa huchora picha kwa kufagia, mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, kisha fagio linarudi juu kuanza upya. Ni katika kurudi huko ndipo kadi inapopumzika na kusema iko huru. Mapumziko ni mafupi mno. Kwa hiyo mwandishi wa programu alikuwa mjanja. Hakutaka kuingia mapumziko yakiwa yanakaribia kwisha, alitaka kuingia yanapoanza tu. Alichofanya ni kusubiri kwanza aione kadi ikiwa na shughuli, kisha asubiri ipate nafasi, na hapo ndipo aandike. Sasa kadi yetu mpya haikuhitaji kupumzika. Yusufu alikuwa ameipa kumbukumbu yenye milango miwili, na kwa ukarimu wake wa Kitanga akaiandikia ijibu "niko huru" saa zote, karibu saa zote, mgeni asisimame mlangoni hata kidogo. Programu ilikuwa imesimama mlangoni kama Mama Neema, inasubiri kadi inyamaze ndipo isalimie. Katika rekodi zetu majibu yote mawili yalikuwepo, ya shughuli na ya nafasi, lakini sisi tuliangalia kama jibu ni sahihi, hatukuangalia kama kuna ukimya kabla yake.

Nilipomweleza Yusufu alitukodolea macho, mara mimi mara Mama Neema, kisha akakaa chini sakafuni.

"Kwa hiyo kadi imenirithi mimi," akasema.

"Imefanana na baba yake mtupu," nikamjibu. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Mama Neema hakuelewa hata neno moja, lakini alituona tunavyocheka akacheka na yeye, akatusogezea bakuli. "Kuleni kwanza," alisema kwa lile "kureni" letu, na Yusufu kwa mara ya kwanza hakulicheka. Alikula huku anaandika. Tuliifundisha kadi kujifanya ina shughuli wakati haina, na kujifanya inapumzika wakati haijachoka, kwa mwendo uleule wa kadi ya zamani. Kusema kweli tuliifundisha kuwa mtumishi wa ofisi. Tulipowasha, Mama Neema akiwa ameshaondoka, namba zikaanza kutembea, saa ya pembeni ikasogea, na mimi nikamalizia kile kigelegele nilichokuwa nimekikatiza.

Yusufu aliipenda picha yake mpya kwa jinsi ilivyokuwa safi. Hakuna chenga hata moja, hata onyo likija. Nilimwambia chenga zirudi. Tuligombana kwa muda mrefu, na ulikuwa ugomvi mzuri, wa watu wanaojua wanachogombania. Yeye alisema hawezi kuweka kasoro kwa makusudi kwenye kazi yenye mkono wake, mimi nikasema kadi inayoigiza nusu ni tapeli, haijaiga. Mwishowe nilimtengenezea onyo la uongo, nikamwomba ageuke atazame dirishani huku anaichungulia skrini kwa pembe ya jicho. Bila chenga hakuona kitu. Tukaziweka, na chenga zikaruka, na shingo yake ikageuka yenyewe. Alitukana kidogo kwa Kitanga, akakubali. Ndiyo kazi pekee katika maisha yangu ambayo nilitumia siku nzima kuleta chenga, na wateja wangu wa Nyasubi wangeniona wangedai TV zao.

Siku hiyo hiyo ile kadi mgonjwa, tuliyoiacha mezani ikiwa imewashwa kwa kulinganisha, ilikata roho. Feni haikuirudisha, kijiti hakikuirudisha. Niliifunga kwenye gazeti nikaitia kwenye mkoba wangu wa vifaa. Sasa hapakuwa na pa kurudi, ni kufa au kupona.

Meneja alituagiza tusiwaambie waongoza kinu kuwa kadi mpya imefungwa. Alisema mtu akiambiwa kitu ni kipya anaanza kulalamika hata kabla hakijawashwa. Tuliifunga wakiwa wote mapumzikoni, tukaiacha skrini ileile ya kioo, tukafuta hata alama za vidole. Asubuhi ya kuwasha, zamu ilikuwa ya Mama Neema. Aliingia amevaa ovaroli iliyopigwa pasi, akatusalimia, akakaa kwenye kiti chake, akakiamsha kinu. Sakafu ikatetemeka kidogo kidogo, kisha ule mngurumo ukajaa nyumba nzima. Yusufu alikuwa amenishika mkono wa ovaroli na hakuuachia, nami sikumwambia auachie.

Tulikaa zamu yote kwenye benchi la nyuma tukijifanya tunakagua nyaya. Chenga ziliruka mara kadhaa, na kila ziliporuka shingo ya Mama Neema iligeuka, mkono ukaenda kwenye maji au kwenye mzigo, onyo likafutika. Hakusema lolote. Nilikuwa nimebanwa mkojo tangu saa nne na sikuthubutu kutoka. Zamu ilipofikia ukingoni meneja aliingia, akasimama nyuma ya kiti, akamuuliza Mama Neema hali ya kinu. Akasema kinu kizima. Kisha akavua kofia ngumu, akaishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Ila nina lalamiko, bosi."

Yusufu alifumba macho. Meneja akamwambia aseme.

"Nasikia hawa wanataka kutufungia kadi mpya," alisema, akitunyooshea kidole. "Niliiona karakana, inaganda. Mama Kulwa ni mama yangu na Yusufu ni ndugu yangu, lakini naomba wasiilete hapa. Hii ya zamani imepumzika vizuri, imepona kabisa. Tuachieni hii hii."

Nilifungua mkoba wangu, nikatoa lile gazeti, nikalifungua juu ya meza na kumwonyesha kadi ya zamani, imelala chali na meno yake ya dhahabu. Mama Neema aliitambua palepale, maana aliwahi kuipepea mwenyewe kwa daftari siku za joto. Akaitazama, akaitazama skrini, akaitazama tena.

"Sasa," akauliza taratibu, "humo ndani yupo nani?"

Mimi nilikuwa nimeshakaa chini kwa kicheko, sina msaada. Meneja alivuta simu ya mezani, akawapigia watu wa utumishi, akawaambia wawaite waongoza kinu wa zamu zote waje kazini.